Ngazi Thelathini na Nane za Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani. Watu wote wanamwita Fundi, hata wajukuu zake, na mimi nikiwa mbele za watu namwita Fundi. Tukiwa wawili namwita ninavyotaka. Alianza kushona ana miaka kumi na tisa, na leo ana sabini na mbili. Ameshona suti za maharusi, sare za shule, mapazia ya ofisi, na mwaka mmoja kazi zilipokuwa haba alishona hata turubai la lori. Mkono wake naujua nguoni. Nikiona mtu anapita barabarani na kola imelala shingoni bila kujikunja, najua hiyo imetoka kwetu, wala siulizi.

Chumba chake cha kazi kiko ghorofani, kwenye jengo la maduka, chumba cha mwisho chenye dirisha la kutazama barabara. Kufika huko kuna ngazi thelathini na nane. Nimezihesabu mwenyewe, sikuambiwa na mtu.

Zamani Fundi alikuwa mwembamba kama rula yake ya mbao. Cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu na alikikanyaga kutwa. Kitambaa alikikata amesimama. Kifungo kikikosekana alishuka dukani, mteja akimwita chini alishuka, akisahau miwani alishuka tena kuiulizia. Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, na alilalamikia njaa tu, miguu hakuilalamikia hata siku moja.

Kilichomharibu ni mapenzi. Nalisema bila kuficha, maana na mimi nilikuwemo. Kitindamimba wetu alipopata kazi ya ufundi umeme, kitu cha kwanza alichomfanyia baba yake ni kufunga mota kwenye cherehani. "Baba, umekanyaga vya kutosha. Sasa gusa tu kwa kidole, kitakwenda chenyewe." Binti yetu mkubwa naye asingekubali kupitwa, akaleta kiti cha ofisini chenye vigurudumu, baba yake akitaka pasi ajisukume mpaka kwenye pasi bila kusimama. Mimi nikaona nibaki nyuma kwa nini? Nikatafuta kikapu kikubwa na kamba.

Kile kikapu kilikuwa fahari yangu. Mteja akifika chini anapiga mluzi, Fundi anateremsha kikapu dirishani. Kitambaa kinapanda, nguo iliyokwisha inashuka. Chakula chake cha mchana kilipanda humo humo, na mabakuli yakarudi humo humo. Watu walisimama kutazama. Nikawa natembea nimeinua shingo, nasema mume wangu hapandi wala hashuki, dunia ndiyo inayomfuata. Asubuhi pikipiki ilimchukua mlangoni, jioni ikamrudisha mlangoni. Miaka mitatu. Tumbo likatokeza, nikaona ni heshima. Vifundo vya miguu vikavimba, nikasema ni viatu vipya.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, alikuwa anavuta kikapu chenye mapazia ya ukumbi, mapazia mazito. Kikapu kikafika nusu ya ukuta kikasimama. Waliokuwa chini wakaanza utani: "Fundi, umelala? Vuta basi!" Mara kikaanguka chote na kamba yake. Pale chini ya ngazi hukaa mbeba mizigo mmoja, watu wanamwita Winchi kwa sababu anainua magunia mawili kwa mpigo. Huyo ndiye aliyepanda mbio. Akamkuta Fundi sakafuni, jasho linamtiririka, mkono uko kifuani. Akamshusha mgongoni.

Hospitali walisema mshipa mmoja wa moyo umeziba, ila amewahi kufika. Akalazwa siku kumi na moja, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani.

Nyumbani tukamwua upya. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema, "Pumzika, mzee wetu, usijitaabishe." Tukatii. Kitanda tukakisogeza karibu na dirisha. Kikombe alinyweshwa. Kwenda msalani alishikwa huku na huku kama bwana harusi. Na yeye mwenyewe akawa ametengeneza elimu yake. Akaniambia, "Mama watoto, moyo ni kama sindano ya cherehani. Ina mishono yake. Ikiisha, imekatika. Mimi hii yangu iliyobaki naitunza." Nikaona ni maneno ya mtu mwenye akili. Wiki tano alitunza sindano yake kitandani, na kila wiki sauti yake ilizidi kuwa ndogo.

Siku ya kurudi kliniki tulimkuta nesi mmoja, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Akapima presha, akasoma karatasi, akauliza, "Baba anatembea?"

Nikajibu mimi, kwa maringo kabisa. "Hatembei hata kidogo. Tunamtunza vizuri. Hata kikombe hanyanyui."

Nesi akaweka kalamu chini. "Nani amewaambia mfanye hivyo, mama?"

"Atuambie nani? Tunajua wenyewe."

"Basi mnammaliza taratibu, kwa heshima zote."

Nilitaka kusimama niondoke. Mtoto mdogo ananiambia namwua mume wangu! Lakini Fundi ndiye aliyeshika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi, nikakaa.

Nesi akaeleza polepole. Akasema moyo ni msuli kama msuli wa bega la mbeba mizigo. Usipofanyishwa kazi unalegea, na ukilegea, hata kazi ndogo ya kuvaa shati inakuwa mzigo. Dawa zinasaidia, wala asiache hata siku moja, lakini dawa hazitatembea badala yake.

Fundi akasema, "Binti yangu, nina miaka sabini na moja. Hayo mazoezi ni ya vijana."

"Hapo ulipokaa, wiki iliyopita alikaa bibi wa miaka themanini na nne. Alianza kwa kuzunguka kitanda chake. Siku hizi anakuja kuchukua dawa kwa miguu yake, tena ananisema nikichelewa kufungua dirisha."

Akatupa mpango. Siku za kwanza dakika tano kwenye njia tambarare. Kila siku chache tuongeze kidogo, mpaka tufike nusu saa, karibu siku zote za wiki. Ngazi bado, mpaka yeye amwone tena.

Nikamwuliza, "Nitajuaje kwamba amezidisha?"

"Mwongeleshe. Atembee huku anajibu. Akiweza kusema sentensi nzima, mko sawa. Akianza kujibu neno moja moja, punguzeni mwendo. Akinyamaza, simameni, akae. Na kifua kikimbana, hapo hakuna kusubiri, mleteni hapa haraka."

Fundi akageuka kunitazama, kisha akamtazama nesi. "Niongee na huyu? Miaka arobaini na sita sijawahi kumaliza sentensi mbele yake."

Nesi alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka.

Wiki ile ile katibu wa jengo la maduka akaja nyumbani na barua. Ni mama mmoja wa miwani, hana ubaya, ila sheria kwake ni kama chumvi, haachi kuitia. Akatusomea. Chumba kikifungwa miezi mitatu kinapewa anayengoja, na mwenye chumba akitaka kukiokoa aje afungue mlango kwa mkono wake, aonekane anafanya kazi. Asitume mtoto wala kibarua, maana wengi walishawahi kufanya ujanja huo. Mwisho ni saa sita mchana ya siku ya mwisho. Zilikuwa zimebaki wiki sita na siku mbili.

Katibu alipotoka, Fundi akageukia ukuta. "Wape," akasema.

"Siwapi."

"Chumba ni changu mimi."

"Na wewe ni wangu mimi. Amka uvae viatu."

Nisieleweke vibaya. Sikupigania kuta nne na dirisha. Nilimtazama pale kitandani nikaona wazi kwamba chumba kile ndicho kilichobaki cha Fundi. Kikienda, atabaki mzee fulani amelala, na mzee huyo mwaka hataumaliza.

Asubuhi ya kwanza tulifika kwenye geti la jirani, nyumba ya tatu tu. Nilikuwa nimefikiri usiku mzima nitamwongelesha nini. Maneno matamu hayamtoi mtu sentensi nzima, anaitikia tu "eeh". Nikaona bora ugomvi. Nikaanza: "Lile koti la kaka yangu, uliliwekea mkono wa kushoto upande wa kulia."

"Sikuweka mimi. Kaka yako ana bega moja limeshuka, hata mama yake alilijua, ila ninyi kwenu hamkubali kasoro!"

Sentensi nzima. Nikamwambia twende mpaka geti linalofuata.

Hivyo ndivyo tulivyotembea. Watu wa mtaa walidhani tumechanganyikiwa uzeeni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wazee wawili barabarani wanagombana, wanasimama, wanakaa kwenye jiwe, wanaendelea kugombana. Wiki ya pili tulifika kwenye nguzo ya umeme, wiki ya tatu kwenye duka la mikate. Nilipoishiwa na makosa ya karibu nikachimba ya zamani. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, mama mzuri wa sura, aliyeshonewa gauni moja miaka thelathini iliyopita.

"Gauni moja, Fundi, ulimpima mara nne. Alikuwa anakua?"

"Alikuwa anapungua! Alikuwa anafunga kula kwa ajili ya mashindano, kila akija kiuno kimekwenda. Ningeshona kwa kipimo kipi? Cha hasira zako?"

Yule mwalimu alitupeleka kutoka duka la mikate mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Namshukuru alipo.

Binti yetu mkubwa alipiga simu analia. "Mama, unamtembeza baba barabarani? Unataka afe?"

"Njoo utembee naye wewe, kisha uniambie anayekaribia kufa ni nani."

Alikuja Jumamosi, na viatu vyake vya ofisini. Kufika kwenye tangi baba yake alikuwa anasimulia, yeye ndiye aliyenyamaza. Hakupiga simu ya namna ile tena. Kitindamimba naye alikwenda akafungua ile mota bila kuambiwa, akaurudisha mkanda wa miguu kwenye cherehani, akasema, "Baba atanisamehe."

Wiki ya nne nesi akampima, akamtembeza kwenye korido, akampandisha ngazi kumi za hospitali huku amemshika mkono na kumwuliza majina ya wajukuu wote. Fundi akayataja yote na kosa moja, la siku zote. Nesi akaruhusu ngazi, ila kidogo kidogo. Mtaani kwetu kuna daraja la kuvukia barabara kuu kwa miguu, lina ngazi ishirini na mbili. Tukahamia huko. Mara ya kwanza sita. Kisha tisa. Siku aliyofika juu ya daraja alisimama akatazama magari yanavyopita chini yake, akasema, "Ningekuwa na mate ya kutosha," akacheka kama mhuni.

Lakini ishirini na mbili si thelathini na nane, na kila nilipomwambia twende kazini kwake alisema kesho. Alikuwa anaogopa. Pale ndipo moyo ulipomwangusha. Kesho hizo zikatufikisha siku ya mwisho.

Tulifika saa tano na dakika ishirini. Winchi akasimama kutoka kwenye magunia yake. "Fundi! Njoo mgongoni, njia naijua."

"Siku ile nilikuwa mzigo," Fundi akamwambia. "Leo nina kazi. Pisha."

Juu, kwenye mlango wa mwisho, katibu alikuwa amesimama na daftari lake. Pembeni yake kinyozi, ndiye aliyekuwa anangoja chumba. Alikuwa na uhakika hasa, maana alishaleta kioo chake kikubwa, amekiegemeza ukutani. Wenye maduka walitoka wakakaa milangoni. Hakuna aliyemtakia Fundi mabaya, lakini hakuna aliyetaka kukosa kuona.

Tukaanza. Nilikuwa kushoto kwake, yeye ameshika bomba la ukutani. Ngazi kumi za kwanza nilimsema kuhusu kesho zake, akanijibu vizuri, akamrushia na Winchi neno. Ya kumi na tisa kuna kibaraza kidogo cha kupumzikia. Nilitaka asimame hapo. Hakusimama, kwa sababu kinyozi alikuwa anatazama. Ya ishirini na mbili, akajibu kwa maneno mawili. Ya ishirini na nne, neno moja. Nikapunguza mwendo, yeye hakupunguza.

Ya ishirini na saba nikamwuliza, "Yule mwalimu wa kwaya alioa nani?"

Hakujibu. Swali lenyewe nilikuwa nimelikosea makusudi, mwanamke haoi, na kwa kawaida Fundi asingeliacha swali kama hilo lipite hivi hivi. Mdomo ulikuwa wazi, macho yako kwenye kile kioo kule juu, na mguu unapanda.

Nilijua nikimwambia simama hatasimama. Namjua. Mbele ya watu wote wale, na kinyozi, na katibu, angepanda mpaka aanguke. Najua kwa sababu na mimi ningefanya hivyo hivyo. Mimi sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nimechoka. Nimezaa watoto wanne na kila mara nilikwenda kujifungua kwa miguu yangu. Nilipovunjika mkono nilifua kwa mkono mmoja, na jirani aliyetaka kunisaidia nilimfukuza.

Nikakaa chini. Pale pale, katikati ya ngazi, nikashika goti, nikapiga kelele: "Jamani, goti langu! Nimeshindwa! Siwezi tena!"

Jengo zima likacheka. Kinyozi akasema, "Kumbe mgonjwa ni bibi!" Winchi kule chini, "Bibi, nikubebe wewe basi?" Masikio yaliniwaka moto. Fundi akasimama, akageuka, akashuka ngazi moja, akakaa karibu yangu anishike goti.

Katibu akasema, "Mama, zimebaki dakika ishirini na tano."

"Sheria yako inasema afungue mwenyewe," nikamjibu. "Haisemi apande mbio. Tulia na daftari lako."

Nikaweka mkono mgongoni kwake kama mtu anayejishikiza. Chini ya shati mgongo ulikuwa unapanda na kushuka upesi. Nikamwuliza taratibu, "Kifua?" Akatikisa kichwa, hapana. "Miguu tu?" Akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea kulilia goti, kwa sauti, huku mkono unasikiliza. Wakacheka weee mpaka wakachoka. Mgongo ukaanza kwenda polepole. Nikamwambia, "Wewe mzee, utaniacha hapa?"

"Nikuache..." Akavuta pumzi. "Wiki sita unanipigia kelele kama jemedari, halafu jemedari mwenyewe anakwenda kukaa kwenye ngazi mbele za watu. Aibu hii nitaipeleka wapi?"

Nikaihesabu. Nzima, na ziada.

"Goti limeachia," nikasema.

Akanishika mkono, akaninyanyua yeye, tukapanda zile kumi na moja polepole huku ananishauri jinsi ya kuweka mguu. Kufuli lilikuwa limekaza kwa kutu. Akaligonga kwa kiganja, likafunguka. Katibu akatazama saa, akaandika, akasema "Karibu tena, Fundi," na nadhani alifurahi. Kinyozi akainama kuchukua kioo chake.

Fundi akamwita. "Wewe, hebu geuka. Suruali yako pindo la nyuma limefumuka. Ingia, hii ni dakika tatu." Akavuta kiti kisicho na vigurudumu, akaanza kukanyaga. Kinyozi akasimama nyuma ya pazia bila suruali, akingoja, kwenye chumba alichotaka kiwe chake.

Yapata mwaka sasa. Fundi anapanda na kushuka ngazi zile mara mbili kwa siku, na asubuhi bado tunatembea, mvua inyeshe isinyeshe. Nesi alinipima na mimi, akakuta presha iko juu, akasema kumbe dawa nilikuwa naitumia bila kujua naumwa, niendelee kutembea na nisikose siku zake za kliniki. Sikosi.

Kwenye jengo la maduka mimi ndiye bibi aliyeshindwa na ngazi. Fundi ndiye anayewasimulia wateja wapya. "Mimi niko sawa kabisa, nusura chumba kiende kwa sababu ya goti la mke wangu! Lakini ningemwachaje?" Anaisimulia vizuri, na kila mara anaongeza kidogo. Mimi nakuwa nimekaa kwenye stuli pale pembeni nashona vifungo. Naisikiliza yote mpaka mwisho, na simkatishi.